Mboji ikijaa maji masika usiitupe: yaliyonikuta uani kwetu Mikindani

Kwa wale wa huku Kusini wenye lundo la mboji nyuma ya nyumba naomba tuongee kabla mvua hazijakolea, maana kila mwaka ikifika Januari Februari naona watu wanabeba mboji yao kwenye viroba wanaenda kuimwaga korongoni au pwani kabisa, ukiuliza unaambiwa imeoza vibaya, imejaa maji, inanuka, haifai tena. Inaniuma kweli. Hiyo mboji haijafa jamani. Imekosa hewa tu, na hewa inarudishwa, mimi nimeirudisha hapa hapa Mikindani kwenye uwanja ambao maji yanakaa kuliko sehemu nyingi za Mtwara, ndo maana nasema kwa kujiamini.

Niwaeleze kwanza kwetu kulivyo ili muelewe. Mikindani imekaa chini ya vilima inaangalia ghuba, kwahiyo mvua ikinyesha maji ya juu yote yanateremka huku chini, yanapita katikati ya nyumba yanaelekea baharini. Ardhi yenyewe ukichimba kidogo unagonga mawe ya matumbawe, na masika ukichimba shimo la mgomba asubuhi, jioni unakuta maji yametuama chini. Lundo letu alilianzisha mama mkwe miaka mingi kabla mimi sijaolewa, liko kona ya chini ya uwanja karibu na mnazi, na kwa kiangazi pale ni mahali pazuri mno kwasababu pana kivuli na unyevu haukauki haraka. Kiangazi chetu sio cha mchezo, kuanzia Mei inavyoisha mpaka Novemba huko unaweza usione mvua ya maana, mboji ikiachwa juani inakauka mchwa wanahamia, sasa mama alipaweka pale akijua anachofanya. Kazi inakuja upande wa pili wa mwaka, Desemba mpaka Aprili, sisi huku hatuna vuli na masika mbalimbali kama Dar au Tanga, mvua yetu karibu yote inashuka ndani ya miezi hiyo.

Ule mwaka ninaousemea mvua ilipiga mfululizo, usiku kucha, mchana inakatika kidogo halafu inaanza tena. Lundo likawa linapungua kimo, tukadhani linaiva, kumbe linajikandamiza. Harufu ikaanza polepole, mwanzo ukipita karibu tu, baadae mpaka jikoni. Na sio harufu ya udongo ile tamu ya mboji nzuri, hii ilikua ya yai viza, ile yenyewe. Bibi jirani yetu wa upande wa juu akaja, nikamwamkia shikamoo bibi akaitika marahaba, hakukaa hata, akasema "Mwanangu, nimevumilia nimeshindwa, wajukuu zangu hawali. Hiyo kitu kaifukieni." Nikamwambia nipe siku chache bibi yangu, harufu itaisha na wala sitafukia. Mama mkwe alikua amekaa barazani anatusikiliza, akasema tu "mboji ya mtu mzima hainuki hivyo, hiyo imezama."

Na neno lake lilikua sahihi kabisa, imezama. Kwenye lundo zuri kuna vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayavioni, bakteria na kuvu, vinakula taka vinatoa joto na vinahitaji oksijeni kama sisi tunavyohitaji. Katikati ya majani na vijiti kuna nafasi nafasi, hewa inapita humo. Maji yakizijaza zile nafasi basi hewa haipiti tena, na hata ile kidogo inayojipenyeza inatembea ndani ya maji taratibu mno, karibu mara 10,000 taratibu kuliko inavyotembea hewani. Wale bakteria wazuri wanazimia, wanachukua nafasi wale wasiohitaji oksijeni, na hawa ndo wanatoa gesi ya yai viza na tindikali zenye ule ukali wa kitu kilichochacha. Wanaozesha ndio, ila polepole, bila joto, na kwa kunuka. Ukilielewa hilo ushauri mwingi wa mtaani unaupima mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Maana nilishauriwa bwana! Mmoja chokaa, mwingine majivu ndoo mbili tatu, shemeji yangu akasema tumwage mafuta ya taa tuchome, na bibi kama nilivyosema alitaka tufukie. Chokaa na majivu mengi hayaleti hewa hata kidogo, yanaingia kwenye ule uji yanafanya tope zito zaidi, halafu kama ndani kuna mbolea ya kuku au mabaki yenye nitrojeni nyingi basi nitrojeni inageuka amonia inapaa angani, unabaki na harufu nyingine inayochoma macho na mboji iliyofilisika. Majivu kidogo, konzi mbili tatu kwenye lundo zima, hayana neno, mimi natia. Kuchoma ndo umeteketeza kila kitu, na kitu kilicholowa hakiwaki, kinafuka moshi siku nzima mtaa mzima ukohoe. Kufukia kwetu haiwezekani kwasababu maji yako juu na visima vyetu vifupi, ukifukia uozo ule hatua chache kutoka kisimani maji yake yanaenda wapi? Hilo la kisima nitalirudia maana naliona halisemwi kabisa.

Kitu cha kwanza nilichofanya sio kugeuza. Watu wengi wakisikia harufu wanakimbilia jembe, wanageuza chini ya mvua ile ile, kesho limezama tena. Mimi nilisimama na mwavuli wakati mvua inanyesha nikaangalia maji yanatoka wapi. Nawaomba sana mfanye hivi, vaeni mabuti au hata ndala mlowe, lakini angalieni mvua ikiwa inanyesha, sio baada. Maji yana njia tatu za kuingia kwenye lundo: yanashuka juu, yanapanda au kupita chini, na yanatoka ndani ya taka zenyewe. Kwetu zilikua zote tatu kwa pamoja.

Ya juu haikua mvua ya moja kwa moja tu. Baba watoto alikua ameongeza chumba cha nyuma na bati lake lilikua linamwagia kule kule konani. Hesabu yake inatisha ukiikaa chini uifanye. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la upande mmoja tuseme mita 8 kwa 4, hizo mita za mraba 32, ikinyesha milimita 50, na kwa masika ya huku sio mvua ya kushangaza, unapata lita 1,600. Ni ndoo 80 za lita ishirini zinamwagwa sehemu moja. Hakuna lundo litalostahimili. Tukafunga mfereji wa bati, kipande tu kilichokunjwa na fundi, tukayapeleka maji kwenye pipa na pipa likijaa yanaenda kwenye migomba. Pipa lifunikwe na chandarua kilichochakaa, mbu wasije wakazaliana mkaugua malaria kwa ajili ya mboji.

Ya chini ndo kazi ya jembe. Maji ya mlimani yalikua yanaingia uani kupitia kwa jirani yanasambaa yanapita chini ya lundo. Tukachimba mfereji mwembamba upande wa juu wa lundo, kina cha kiganja na nusu hivi, wenye mteremko, ukayakata yale maji na kuyazungusha. Tuliongea na jirani wa chini kwanza ili maji yasimwangukie yeye, tukakubaliana yaishie kwenye mtaro wa barabarani. Ongeeni na majirani jamani, mfereji unaomaliza shida yako kwa kumpelekea mwenzako utaleta ugomvi mbaya kuliko harufu.

Ya ndani watu hawaifikirii kabisa. Mchicha, matembele, maganda ya papai, tikiti, nyanya, karibu tisa ya kumi ya uzito wake ni maji. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndo usiseme. Huku kwetu korosho zinaanza kuanguka Oktoba, Novemba zimepamba moto, na mabibo yanabaki malundo shambani, wenye kutengeneza uraka, ile pombe ya mabibo, wanachukua yao lakini mengi yanaoza, kwahiyo mtu anajaza ndoo anakuja kumwaga kwenye mboji, tena tukiwa tunaelekea mvua zinaanza. Bibo linatoa maji mpaka unashangaa, na lile lundo linaanza kunukia pombe na nyigu wanajaa. Sisemi msitie mabibo, tieni, yanaoza haraka na yanapasha lundo joto. Ila yakamueni au yasageni kwa mguu kwanza maji yatoke, halafu tabaka jembamba la mabibo, tabaka nene la majani makavu, mara mbili au tatu ya ujazo wake. Maganda ya korosho zenyewe ndo naomba msitie, yale yana mafuta makali yanayobabua ngozi, kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua, na kwenye mboji yanakaa miaka bila kuoza na yanadhuru.

Baada ya maji kuyafungia njia ndo tukasubiri asubuhi yenye mwanga, isiyo na wingu zito, tukaanza. Nilimtumia mtoto kwa bibi amwambie leo tunafungua, itanuka mpaka mchana halafu itaisha, afunge madirisha ya upande huu. Alishukuru kuambiwa. Ukilifungua lundo lililozama harufu inakua kali mara dufu kwa muda, lazima ujue hilo usije ukakata tamaa katikati ukalifunika tena. Nilivaa glovu za mpira na buti, kidonda mguuni usiingie humo hata kama ni kidogo. Jembe uma ndo linafaa kuliko beleshi, beleshi linakata na kukandamiza, uma unanyanyua na kutawanya.

Ndani kulikua na nini? Tabaka la juu lilikua limelowa tu, lakini kuanzia katikati kulikua kweusi kunateleza, baridi kabisa ukigusa, na majani ya mgomba yamelala moja juu ya jingine kama karatasi zilizolowa, hewa isingepita hata kwa dawa. Majani ya mgomba na yale ya mti wa mkungu ni mazuri lakini yakatekate, ukiyatandika mazima unajenga sakafu. Na wali uliolala na ugali vilikua vimegeuka madonge meupe yenye utelezi. Tulitawanya vyote juu ya makuti makavu, unene usiozidi kiganja, vikapigwa jua na upepo. Kuku wa jirani walikuja wakachakura, nikawaacha, wananisaidia kazi.

Jipime kwa mkono hapa. Chukua konzi ya mboji uikamue kwa nguvu. Yakichuruzika maji bado, ikitoa tone moja mawili basi hapo hapo, ukifungua mkono ikasambaratika kama vumbi imekauka sana. Wataalamu wanasema unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 60, lakini mkono unakwambia bila kipimo chochote.

Wakati inajianika ndo tukajenga kitako kipya. Hatukulihamisha mbali lundo, tulilinyanyua. Mawe ya matumbawe tunayo, tukapanga, juu yake fito na matawi ya mkorosho yaliyokatwa wakati wa kupogoa, halafu makumbi ya nazi tabaka zima, yote kwa pamoja inafika magotini kasoro. Makumbi ni neema ya pwani na tunayachezea tu, tunawashia moto, wakati ndo kitu bora kabisa cha kuweka chini ya lundo masika, hayajikandamizi, yanakunywa maji yanayochuruzika, na kati yake hewa inapita kutokea chini. Mwenye kuuza nazi sokoni anakupa bure ukimwachia kiroba asubuhi ukakichukua jioni.

Kisha kujenga upya. Nilichanganya kwa ndoo, ndoo moja ya ule uozo uliojianika na ndoo mbili mpaka tatu za kikavu, kikavu chenyewe majani ya mkorosho, majani ya mwembe, mabua ya mahindi na ya ufuta yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, na makumbi niliyoyachambua kwa mkono. Vitu vya ukubwa mbalimbali ndo siri yake, jani linakunywa maji, bua linashikilia nafasi. Vumbi la mbao kwa mafundi seremala linanyonya maji vizuri lakini peke yake linagandamana linaziba, ukitia changanya na mabua. Maboksi yachanwe vipande vidogo, toa zile gundi za plastiki. Pumba za mpunga nzuri pia. Chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia nazitia, zinapunguza harufu sana, na sehemu nyingi watu wanazitupa.

Katikati nilisimamisha kitita cha mabua ya mtama nimekifunga kwa kamba ya usumba, unene wa paja, nikajenga lundo kukizunguka mpaka kikatokeza juu, hapo hewa ya moto inapanda na ya nje inavutwa kutokea chini kwenye makumbi. Lundo lenyewe lisipungue mita moja kila upande, dogo kuliko hapo halishiki joto, na likizidi mita moja na nusu kwenda juu uzito wake unajikandamiza wenyewe. Juu liwe na mgongo, sio bonde.

Kufunika watu wanakosea sana. Ukitupia turubai moja kwa moja ukalizungushia mawe pembeni umelizuia maji ndio na hewa umeizuia pia, harufu inarudi. Mimi nilitumia makuti, pande mbili zimeegeshwa kwenye mti mmoja uliolazwa juu, kama paa la kibanda, pembeni wazi. Turubai unaweza kuweka ila linyanyuliwe na miti lisiguse lundo. Na lifungwe kweli kweli. Sisi huku tumeshazoea habari za vimbunga, Aprili 2019 Kenneth ilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma na huku tulikesha roho juu, Mei 2024 ikaja Hidaya mpaka barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga. Upepo wa namna hiyo kuti lisilofungwa linaenda kumjeruhi mtu.

Basi harufu ya yai viza ilikata haraka, kabla hata lundo halijapata moto. Bibi mwenyewe alikuja kuangalia kama kweli hatujafukia. Joto lilichelewa. Nilichomeka kijiti kirefu katikati, unakiacha kinakaa kidogo, ukikichomoa unakishika, kikiwa cha moto lundo linafanya kazi, kikiwa cha uvuguvugu linajitahidi, kikiwa baridi na kimelowa rudi kazini. Changu kilitoka kikavu lakini baridi. Hapo nikaelewa kwamba mvua zilikua zimeshaondoka na nitrojeni, maana ikichuruzika wiki nzima inabeba nitrojeni na potasiamu inaenda navyo, halafu mimi nimeongeza vikavu vingi ambavyo ni kaboni tupu. Vile vijidudu vinataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu moja. Nikaongeza samadi ya mbuzi na mbolea ya kuku kidogo wakati wa kugeuza mara ya kwanza, kijiti kikaanza kutoka cha moto mpaka huwezi kukishika. Ukifika nyuzi 55 kwenda juu na kukaa siku kadhaa hata mbegu za magugu zinakufa. Mpangilio ni hewa kwanza, mbolea ya kuku baadae. Ukiitia kwenye lundo ambalo bado limezama unalisha wale wale wanaonuka.

Funza nao waliwashtua watu. Walitokea funza wanene wa rangi ya kijivu kwenye sehemu zilizobaki na unyevu mwingi, shemeji akasema sasa mmefuga magonjwa. Wale ni watoto wa inzi askari weusi, sio inzi wa chooni, mkubwa wake haingii ndani wala hatui kwenye chakula, na funza wake wanakula uozo kwa kasi ya ajabu. Wakizidi sana wanakuonyesha tu kwamba kuna majimaji mengi sehemu hiyo, ongeza vikavu, watapungua. Kuku wanawapenda.

Sasa lile la maji meusi. Lundo lililozama linachuruzisha maji meusi mazito na nimewaona watu wanayakinga wanamwagia mchicha wakisema ni mbolea ya maji. Jamani hapana. Yametoka kwenye uozo usio na hewa wala joto, kama kulikua na samadi mbichi basi vijidudu vya kuharisha vimo, na wewe huo mchicha unachuma kesho. Mimi nayaelekeza kwenye shina la mgomba na mnazi, mbali na kisima, na nimechimbia udongo wa kuyazuia upande wa kisima yasiende hata mvua iwe kubwa vipi. Kama kisima chako kiko upande wa chini wa lundo basi hamisha lundo, hapo hakuna njia ya mkato.

Na mboji yenyewe iliyookolewa usiikimbize bustanini. Ule uchachu uliozalishwa wakati imezama unaunguza miche, unaweza kukuta nyanya zako zimesinyaa ukadhani ni ugonjwa. Naifanyia jaribio la choroko, nachukua makopo mawili, moja mchanga mtupu moja mboji nimechanganya na mchanga, napanda choroko idadi sawa. Zikiota sawasawa na majani yakatoka kijani basi imekomaa, zikichelewa au mizizi ikawa ya kahawia naiacha iendelee kukaa. Pia naifungia kidogo kwenye mfuko wa plastiki siku mbili tatu halafu nafungua nanusa, ikinukia udongo nzuri, ikirudisha ule uviza bado.

Kitu ambacho kimebadilisha kabisa maisha ya lundo letu ni kuweka akiba ya vikavu. Masika huwezi kupata jani kavu hata kwa pesa, kila kitu kimelowa. Yanapatikana lini? Agosti na Septemba, watu wanaposafisha chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane, wanafagia majani yanakua marundo makubwa halafu wanayapiga kiberiti. Mimi naenda kwa ndugu wenye mashamba huko juu kuelekea Naliendele naomba niyachukue kabla hayajachomwa, wanafurahi maana nawapunguzia kazi. Nashindilia kwenye viroba, naviweka chini ya upenu juu ya mawe visiguse ardhi. Viroba vilivyobeba salfa ya kupulizia mikorosho sivitumii. Kila ndoo ya taka za jikoni ikienda kwenye lundo masika, ndoo mbili za majani zinafuata, na watoto wamezoea, wanajua taka hazilali wazi.

Matumbo na vichwa vya samaki masika siyatii kwenye lundo kabisa, paka na kunguru watalifumua na harufu yake hakuna majani ya kuizima. Nayachimbia shimo lake chini ya mpapai, mbali na kisima vilevile, juu udongo na jiwe. Machicha ya nazi natia lakini natawanya, yakiwa donge yanachacha.

Kugeuza masika nafanya mara nyingi kidogo kuliko kiangazi, lakini siku yenye jua tu, na kabla ya kugeuza nachomeka kijiti. Kama ni cha moto na hakinuki naliacha, halihitaji kusumbuliwa.

Mboji ikiiva naichekecha kwenye wavu wa madirisha uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Makumbi huwa hayajamalizika kuoza, yanabaki juu ya wavu pamoja na vipande vya mabua, hayo siyatupi, yanaenda kuwa kitako cha lundo linalofuata na yanaingia na vijidudu vyake tayari. Bibi jirani nae ameshaanza la kwake, kalipandisha juu ya mawe upande wa juu wa uwanja wake, na ameniambia majani ya mwembe wake mwaka huu nisije kuyafagia, anayataka mwenyewe. Kwahiyo mwenye mkorosho au mwembe karibu na Mikindani ambaye bado anachoma majani, naomba aniambie nije na viroba.